Miaka 15 na sentimita 158: uliza mifupa yako ina umri gani

Mdogo wangu, umesema una miaka 15 na sentimita 158, baba yako ana 172 na mama yako 160, wenzako wamekupita kichwa kizima, ndevu bado, na sauti ndiyo kwanza inaanza kukwaruza. Unauliza kama sahani zako za ukuaji, yaani zile sehemu zinazorefusha mifupa, zimeshafunga, kama ununue vidonge vya kurefusha, na kama uache kunyanyua vyuma. Nimepita njia hiyo hiyo nikiwa na umri wako, kwa hiyo vumilia jibu refu.

Kwa dalili ulizotaja, ni vigumu sana sahani zako ziwe zimefunga. Kwa wavulana sauti huvunjika karibu na kipindi kile cha kurefuka kwa kasi kuliko vyote, ambapo mtu huweza kuongeza sentimita 9 au 10 kwa mwaka mmoja. Wengi hukifikia kwenye miaka 13 au 14. Wengine hukifikia 16, na hawana ugonjwa wowote.

Sahani ya ukuaji ni tabaka jembamba la gegedu karibu na ncha ya mfupa mrefu. Chembe zake hugawanyika, hujipanga safu, huvimba, kisha mfupa huchukua nafasi yao. Mfupa hurefuka hapo tu, si katikati. Mguuni kazi kubwa hufanyika gotini: sahani ya chini ya mfupa wa paja peke yake huleta takriban asilimia 70 ya urefu wa mfupa huo. Kwenye eksirei gegedu huonekana kama ufa mweusi, na ufa ukishatoweka mfupa huo umemaliza safari.

Kinachofunga sahani ni estrojeni, kwa wasichana na wavulana pia. Wengi hawaamini nikiwaambia hivi, kwa sababu tumezoea kuiita homoni ya kike. Mwili wa mvulana hugeuza sehemu ya testosteroni, homoni ya kiume, kuwa estrojeni, na hiyo ndiyo inayotoa amri ya mwisho. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani waliandika habari za mwanamume wa miaka 28, mwenye sentimita 204, ambaye mwili wake haukuweza kuitikia estrojeni. Testosteroni yake ilikuwa ya kawaida, lakini sahani zilikuwa bado wazi na alikuwa anaendelea kurefuka. Mifupa yake ilikuwa pia imepungua uimara vibaya. Nakwambia hili kwa sababu kuna vijana wanaoagiza kwenye intaneti dawa za kuzuia estrojeni ili sahani zichelewe kufunga. Tafadhali usiziguse bila daktari wa homoni. Mfupa unaihitaji estrojeni ili uwe imara.

Sasa kuhusu umri wa mifupa. Nilipokuwa na miaka 15 nilikuwa mdogo kuliko wote darasani, na nilikuwa nimeshajiambia basi, ndivyo nilivyo. Mama alinipeleka kwa daktari wa watoto. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mwaka jana alikuwa na sentimita ngapi?" Kimo cha siku moja humwambia daktari kidogo sana, anachokitafuta ni kasi. Kisha nikapigwa picha ya kiganja na kifundo cha mkono wa kushoto, akailinganisha na kitabu cha picha cha Greulich na Pyle, kinachotumika hadi leo ingawa kilitokana na watoto wa Marekani waliopigwa picha kuanzia miaka ya 1930. Mifupa yangu ilikuwa ya mtoto wa miaka 13. Baba naye akakumbuka kwamba alirefuka baada ya kumaliza shule. Kuchelewa kwa namna hii hutembea ndani ya ukoo, na daktari alituliza nyumba nzima kwa sentensi moja: huyu hajachelewa kumaliza, amechelewa kuanza. Niliendelea kurefuka hadi karibu miaka 19, nikaishia kimo cha baba.

Dada yangu alikuwa kinyume changu. Akiwa na miaka 10 alikuwa mrefu kuliko wavulana wote wa darasa lake, watu wakimtabiria mpira wa kikapu. Alivunja ungo mapema, na kufikia 14 alikuwa amesimama, huku wenzake wakimfikia na kumpita. Baada ya hedhi ya kwanza msichana kwa kawaida huongeza kama sentimita 5 hadi 7 tu. Ndiyo maana namhurumia mzazi anayejivunia mtoto aliyetangulia sana. Msichana akianza balehe kabla ya miaka 8, au mvulana kabla ya 9, anatakiwa kuonwa na daktari mapema, kwa kuwa anaweza kuwa mrefu leo na mfupi ukubwani.

Kimo cha wazazi kinakupa makadirio. Kwa mvulana, jumlisha kimo cha baba na mama, ongeza 13, gawa kwa mbili; kwa msichana punguza 13 badala ya kuongeza. Yako inatoka 172.5, na inaweza kupanda au kushuka kwa sentimita 8 hivi. Ni makadirio tu, usiyashike kama ahadi.

Vidonge usinunue. Hakuna kidonge cha dukani kinachofungua sahani iliyofunga, na kama iko wazi itafanya kazi yake ukila vizuri na kulala vya kutosha. Homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi kwenye usingizi mzito. Kuning'inia kwenye chuma kunanyoosha diski za uti wa mgongo kwa muda, basi. Diski hizo hizo ndizo zinazofanya mtu awe mfupi jioni kwa sentimita 1 hivi kuliko asubuhi, kwa hiyo ukijipima, jipime saa ile ile.

Vyuma endelea navyo ukiwa na mwalimu anayejua. Mazoezi ya uzito yakifanywa kwa utaratibu hayafungi sahani. Kinachoidhuru ni kuvunjika hapo hapo penye sahani, na jambo hilo hutokea pia uwanjani au ukianguka na baiskeli. Ninachokikataa kabisa ni sindano na vidonge vya kujaza misuli. Testosteroni ya ziada hugeuka estrojeni, na unaweza kufungiwa mlango miaka kadhaa kabla ya wakati wako.

Kwenda hospitali bado nakushauri, hata kama nadhani uko salama. Mvulana asiyeonyesha dalili yoyote ya balehe akifika 14, au msichana asiyeota matiti akifika 13, achunguzwe. Vivyo hivyo mtoto ambaye hajabalehe na anaongeza chini ya sentimita 4 kwa mwaka, kwa sababu tezi ya shingo, utumbo usiofyonza chakula vizuri, au dawa za steroidi za muda mrefu huweza kuwa chanzo. Uende na mzazi, ubebe vipimo vyovyote vya zamani mtakavyovipata, kuanzia kadi ya kliniki ya utotoni hadi kumbukumbu za shule, na umuulize daktari mambo mawili: kasi yangu ikoje, na je, kuna haja ya kupiga picha ya mkono?