Matundu ya Daraja la Zhaozhou si urembo

Umeuliza kama yale matao manne madogo, mawili kila upande wa tao kuu la Daraja la Zhaozhou, China, yaliwekwa kwa urembo tu. Hapana, yana kazi kubwa. Fundi Li Chun alilijenga kati ya mwaka 595 na 605. Tao kuu lina upana wa mita 37 kutoka mguu hadi mguu, lakini linainuka mita 7 na kidogo tu. Lingekuwa nusu duara lingefika zaidi ya mita 18, na mikokoteni ingepanda mlima kila siku! Sasa, tao bapa namna hiyo husukuma kingo kwa nguvu sana, kwa hiyo kila tani inayopunguzwa juu yake ni nafuu. Matundu yanapunguza uzito wa mawe, na mto ukifurika maji hupita humo badala ya kugonga ukuta mzima.

Mimi kinachonivutia zaidi ni kwamba tao lenyewe ni safu 28 za mawe zilizosimamishwa bega kwa bega na kufungwa kwa vyuma. Safu moja ikiharibika unatengeneza hiyo tu.

Ulaya walijifunza faida ya matundu kwa hasara. Kule Pontypridd, Wales, tao la William Edwards lilibomoka kwa sababu mabega yake, yaani sehemu za pande mbili za kilele, yalikuwa mazito, yakakisukuma kilele juu. Alipojenga upya aliacha matundu matatu ya duara kila upande. Hilo lilikamilika 1756 na bado limesimama.