Moto wa njano na masizi kwenye sufuria: kichomeo cha jiko la gesi husafishwaje?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Jiko langu la gesi lina kichomeo kimoja ambacho moto wake umegeuka wa njano, sufuria zinatoka zimeota masizi, na karibu nusu ya matundu hayawaki kabisa. Niliviloweka vipande vyake usiku kucha kwenye dawa kali ya kusafishia oveni. Asubuhi nilivikuta vimepauka na kuwa vyeusi, na moto ukabaki uleule. Sasa kiwashio nacho kinapiga tik-tik-tik hata nikiwa nimeshazima. Jirani ananishauri nipanue matundu kwa msumari. Nifanye nini?

JIBU: Njema, ndugu yangu. Kwanza kabisa, huo msumari uweke mbali. Nitaeleza sababu hapo chini, lakini usiuguse kabla hujamaliza kusoma.

Kichomeo kazi yake ni kuchanganya gesi na hewa. Gesi ya mtungi ni propani na butani, na ili propani iungue yote inahitaji hewa mara 24 ya ujazo wake. Butani inahitaji zaidi ya hapo, kama mara 31. Gesi hutoka kwa kasi kwenye tundu dogo sana la nozeli, kile kipande kidogo kinachotoa gesi, inaingia kwenye bomba la kichomeo, na kasi hiyo ndiyo inayovuta hewa kutoka pembeni. Vikichanganyika sawasawa unapata moto wa bluu uliotulia. Hewa ikipungua, kaboni hubaki bila kuungua: ndiyo rangi ya njano unayoiona, na ndiyo masizi yanayoganda kwenye sufuria. Moto wa namna hiyo hutoa pia kaboni monoksidi, na hii haina harufu. Ile harufu kali ya gesi imewekwa kwenye gesi yenyewe ili uvujaji ujulikane. Haikuonyi chochote kuhusu kaboni monoksidi. Kwa hiyo hadi utakapomaliza kazi hii, pika madirisha yakiwa wazi.

Wengi hung'arisha kofia ya juu mpaka ikametameta, wakaacha bomba la chini limeziba. Jambo hili linanisumbua kila ninapofungua jiko la mtu, maana uchafu unaoharibu moto mara nyingi ni ule usioonekana: mchuzi uliochemka ukamwagika ndani, vumbi lililoshikana na mafuta, hata utando wa buibui kwenye mlango wa hewa.

Funga mtungi, chomoa waya wa umeme kama jiko linao, subiri kila kitu kipoe. Ondoa kofia (kifuniko cha juu) na kichwa cha kichomeo (kile kipande chenye matundu ya moto), uviloweke kwenye maji ya moto yenye sabuni ya vyombo kwa nusu saa. Nusu saa inatosha. Vichwa vingi vya kichomeo ni vya alumini, na dawa nyingi za oveni zina kostiki soda inayoila alumini. Weusi ulioupata umetoka hapo. Kama matundu hayajalika na kingo zake ni nzima, weusi huo ni sura tu, endelea kukitumia. Siki nayo ni asidi, kwa hiyo ukiitumia kulegeza madoa, iwe dakika chache kisha suuza. Kuichanganya na soda ya kuokea kunapendeza macho kwa lile povu, lakini viwili hivyo vinauana nguvu na kinachobaki ni maji yenye chumvi kidogo. Tumia kimoja. Na kamwe usichanganye siki na dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe: hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu.

Vikishalainika, sugua kwa mswaki wa zamani. Kisha inua kichwa cha kichomeo usawa wa jicho, ukielekeze kwenye mwanga, na ukizungushe polepole. Tundu zima linaonyesha mwanga wa duara safi au mstari ulionyooka. Lililoziba linaonyesha giza, au mwanga uliomegeka upande mmoja. Hayo ndiyo ya kushughulikia, kwa sindano ya kushonea iliyo nyembamba kuliko tundu lenyewe, ukisukuma kutoka ndani kwenda nje ili uchafu usirudi kwenye bomba. Usitumie kijiti cha meno, kwa sababu kikikatikia humo umejiongezea kazi. Bomba la chini lipitishie brashi ndefu nyembamba.

Sasa nozeli. Ni kile kipande kidogo cha shaba ya njano kilicho chini ya kichomeo, au pale linapoanzia bomba lake, chenye tundu moja ambalo kwa kawaida halifiki milimita moja. Tundu hilo limetobolewa kwa kipimo cha aina ya gesi na nguvu ya kichomeo hicho. Shaba ni laini na chuma ni kigumu, kwa hiyo hata sindano huweza kulikwangua. Ukilipanua kwa msumari, gesi inaongezeka wakati hewa ni ileile, na moto wa njano unazidi kuliko ulivyoanza. Likiziba, chukua uzi mmoja tu wa waya wa shaba wa umeme, upitishe taratibu, basi.

Kukausha ni sehemu ya usafi, na hapa ndipo tik-tik yako ilipozaliwa. Maji yameingia kwenye swichi ya kiwashio nyuma ya kitasa, au yamekaa kwenye ile ncha yenye kauri nyeupe. Majiko mengi hurusha cheche kwenye vichomeo vyote kwa pamoja, ndiyo maana unyevu wa upande mmoja unalisumbua jiko zima. Jiko likiwa limechomolewa au betri imetolewa, futa ncha hizo kwa kitambaa kikavu na uliache wazi hadi kesho yake. Vichwa na kofia vikung'ute, vigeuze chini juu, vikauke kabisa.

Unaporudisha, kila kofia ina alama au pini yake. Iguse kwa kidole: ikicheza, haijakaa, na moto utatokea upande mmoja au utarudi ndani kwa mlio. Washa. Vimulimuli vya rangi ya machungwa vya mwanzo visikutie hofu; mabaki ya chumvi na vumbi hufanya hivyo kisha hutulia. Njano inayodumu kwenye ncha za moto ni habari nyingine.

Kama kichomeo hicho kimoja bado ni cha njano baada ya yote haya, mlango wa hewa au nozeli vinahitaji fundi avitazame kwa vipimo. Vikigeuka njano vichomeo vyote kwa wakati mmoja, acha kusugua; mara nyingi tatizo liko kwenye mgandamizo wa gesi, na unaoudhibiti ni regulata iliyo kwenye mtungi; hiyo hubadilishwa, haifunguliwi nyumbani. Na kama ulilegeza kiungo chochote cha mpira wa gesi, kipake povu la sabuni kabla ya kuwasha. Mapovu yakivimba, funga mtungi.