Mfuko mmoja wa marudio, majibu mawili ya maabara: nani mkweli?

Swali: Mhandisi, shikamoo. Nipo Tabata, Dar es Salaam. Kuna mzee wa Katoro, mkoani Geita, anataka kuniuzia lundo la marudio (mchanga uliobaki baada ya mawe kusagwa na kuoshwa dhahabu), kama tani 300 hivi, nikayachenjue kwenye vati, yaani tangi la sayanaidi. Alinitumia sampuli ya kilo 5 kwa basi. Nilipoipokea stendi ya Mbezi nikaimimina nusu kwenye mfuko mwingine, nusu ikabaki, nikapeleka maabara mbili tofauti. Ile niliyoimimina imetoa gramu 2.1 kwa tani, iliyobaki mfukoni imetoa 6.8. Kote wamepima kwa faya asei, yaani kuyeyusha unga kwenye tanuri na kupima dhahabu inayopatikana. Wenzangu wanasema maabara ya kwanza ni wababaishaji. Nimwamini nani?

Jibu: Marahaba. Waamini wote wawili. Kila maabara imepima ulichoipelekea, na ulizipelekea vitu viwili tofauti.

Huo mfuko umetoka Katoro hadi Mbezi kwenye buti la basi, ukitikiswa njia nzima. Dhahabu ina uzito wa gramu 19.3 kwa kila sentimita ya ujazo, mchanga wa kwatzi una kama 2.65. Ukitikisa mchanganyiko huo kwa saa nyingi, dhahabu inazama. Zebaki nayo inazama, na marudio ya karasha (mashine ya kusagia mawe) hayakosi vitone vya zebaki vilivyokwisha kumeza dhahabu vikaponyoka kwenye kuosha. Ulipomimina nusu ya juu ulichukua iliyo maskini. Maabara iliyopewa mfuko ilipata ya chini, ambako ndiko mali ilikoshukia.

Hata kama ungechanganya vizuri kabla ya kugawa, majibu yangeweza kupishana vilevile. Fanya hesabu ndogo. Katika faya asei maabara huchoma gramu 30 au 50 tu za unga. Tofauti kati ya 6.8 na 2.1 ni gramu 4.7 kwa tani, na kwa unga wa gramu 50 hiyo ni dhahabu ya miligramu 0.235. Chembe moja ya mviringo yenye kipenyo cha milimita 0.29 ina uzito huohuo. Yaani punje moja, ndogo kuliko ya sukari, ikiangukia kwenye kijiko cha maabara moja na ikose nyingine, inatosha kuleta ugomvi wote huu. Ingekuwa ya nusu milimita, peke yake ingeongeza gramu 25 kwa tani kwenye jibu. Na usidhani kusaga kunaiondoa shida hii: mwamba unasagika, dhahabu inapondeka tu ikawa bapa kama chapati.

Kwa hiyo mwambie mzee hujamaliza kupima, wala usimwambie amekudanganya. Lakini na wewe usinunue kwa mfuko uliotumiwa na muuzaji. Panda basi ukachukue sampuli mwenyewe.

Tuseme lundo lina urefu wa mita 20, upana mita 10 na kina cha mita 1. Pima kwa futi kamba, usikubali "kama tani 300 hivi". Jaza ndoo ya lita 20 bila kushindilia kupita kiasi, ipime kwenye mizani. Ikiwa na kilo 30 basi kila mita ya ujazo ni tani 1.5, na lundo la mita 200 za ujazo ni tani 300 kweli. Kisha toboa mashimo kwa mistari, kila baada ya mita 2.5, yatakuwa 32. Bomba la inchi mbili likisukumwa hadi chini linatoa kama kilo 3 kwa shimo. Mchanga mkavu unamwagika kwenye bomba, umwagie maji kidogo au tumia keekee ya mkono ya kutobolea. Ukifika kwenye udongo wa asili chini ya lundo, simama. Ukiuchota huo unajipunja. Na usikwangue juu juu, kwa sababu mvua imekwisha kuosha tabaka la juu, na hapo ndipo mtu mwenye nia mbaya huchakachua.

Usichanganye mashimo yote 32 kuwa mfuko mmoja. Lundo la mwaloni, yaani pale wachimbaji wanaposagia na kuoshea, lina mawe ya wachimbaji wengi, kila mmoja na mwamba wake, na karibu na mdomo wa mfereji wa kuoshea hukaa mchanga mzito kuliko kule mbali. Yagawe makundi manne ya mashimo manane, kila kundi kama kilo 24. Ukipata kundi moja lina 5 na mengine yana 1.5, umejua kitu ambacho wastani ungekuficha, na bei unaijadili kwa kipande.

Kugawa kundi la kilo 24 kunafanyika juu ya turubai safi. Anika kwanza kivulini au juani, kamwe usikaushe kwenye jiko la nyumbani, maana zebaki iliyomo inageuka mvuke na mnaivuta familia nzima. Vunja mabonge, rundika koni kwa kumwaga kila koleo katikati, ihamishe koni nzima upande wa pili mara tatu, ibapaze, ikate robo nne, chukua robo mbili zinazotazamana. Kutoka 24 unafika 12, halafu 6, halafu 3. Ufagie turubai, vumbi lote liingie upande wake. Watu wengi huliacha na humo ndimo kuna dhahabu nzuri. Funga mfuko kwa lakiri yako yenye namba, uandike namba hizo kwenye simu, usimwachie mtu abebe.

Kwenye kundi la mifuko hiyo ongeza miwili ambayo maabara haiijui. Mmoja ni nakala ya sampuli mojawapo, kwa namba nyingine. Mwingine ni mchanga wa kujengea wa hapa hapa Dar, ambao hauna dhahabu. Mchanga huo ukirudi na gramu 0.8 kwa tani, kinu chao hakikusafishwa baada ya mteja aliyetangulia. Hilo ndilo jaribio la ubabaishaji, siyo kulinganisha 2.1 na 6.8.

Sasa uombe kipimo gani. Kwa marudio yenye punje, omba faya asei ya kuchekecha. Wanasaga kilo 1, wanaichekecha kwenye chekeche yenye matundu ya mikroni 106 (kama milimita 0.1), kilichobaki juu wanakichoma chote, kilichopita wanakipima mara mbili, kisha wanapiga wastani kwa uzito. Tuseme juu zimebaki gramu 30 zenye kiwango cha 40, na chini gramu 970 zenye 2.5. Jibu ni 3.6 kwa tani, na unaona kwamba theluthi ya dhahabu imo kwenye asilimia 3 ya uzito. Ukitegemea kijiko cha gramu 50, theluthi hiyo ndiyo inayokuchezea.

Lakini hata 3.6 siyo unayoinunua. Faya asei inayeyusha kila kitu, hata dhahabu iliyofungiwa ndani ya kwatzi au salfaidi (madini yenye salfa) ambako sayanaidi haifiki. Wewe unanunua ile itakayoingia kwenye maji ya vati. Omba kipimo cha chupa ya kuzungusha: kilo 1 ya marudio, lita 1.5 za maji, chokaa hadi pH 10.5 au 11, sayanaidi gramu 1 kwa lita, izungushwe saa 48 na kuchotwa saa ya 2, 6, 24 na 48. Sisitiza jambo moja ambalo wengi hawalisemi: wasiisage. Vati lako halisagi, kwa hiyo jibu la unga laini litakupa asilimia ambayo hutaiona kazini. Usijaribu kufanya hiki nyumbani. pH ikishuka chini ya 9.3 sehemu kubwa ya sayanaidi inageuka gesi ya kuua, na ni kemikali inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Kwenye karatasi ya majibu soma pia matumizi ya sayanaidi na chokaa kwa tani. Marudio yenye shaba yanakula sayanaidi kilo kadhaa, na hapo hata gramu 4 kwa tani zinaweza kukutia hasara. Kuhusu tope: toboa ndoo chini, weka kitambaa, jaza marudio hadi sentimita 30, mimina maji. Yakikaa juu mpaka kesho yake, vati lako halitapitisha maji, utalazimika kuyachanganya na saruji au uyaache.

Mwisho, maji kwenye bei. Ile ndoo yenye kilo 30 ukiikausha ikabaki 26, katika tani 300 unalipia tani 40 za maji. Maabara hutoa majibu kwa uzito mkavu, kwa hiyo mkataba na mzee uandikwe kwa tani kavu.