Muulize Sista: Fomu yasema asifufuliwe, na mzee amepaliwa

SWALI: Shikamoo Sista. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee hapa Leicester, mwaka wa pili sasa. Wiki iliyopita mzee wa miaka 86 alipaliwa na tosti wakati wa chai ya asubuhi. Sauti haitoki, midomo inageuka buluu. Nilipomkimbilia, mwenzangu akanishika mkono: "Mwache, huyo ana DNR," yaani agizo la kutofufuliwa. Sikumsikiliza. Nilimpiga mgongoni, pigo la nne kipande kikatoka. Sasa naambiwa nimevunja agizo, na Jumatatu naitwa ofisini. Je, nilikosea? Na moyo ungesimama palepale, ningefanyaje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hukukosea. Naanza na hilo kwa sababu najua usingizi umekupaa.

Agizo lile linahusu jambo moja: moyo ukisimama na pumzi ikikatika, watu wasimkandamize kifua wala kumshtua moyo kwa umeme. Moyo wa mzee wako ulikuwa unapiga, kwa hiyo zamu ya fomu ile ilikuwa bado. Aliyepaliwa anasaidiwa kama mtu mwingine yeyote: mapigo matano katikati ya mabega, yasipofaa, misukumo mitano ya tumbo, na 999 ipigwe.

Nimefanya kazi wodini Uingereza miaka 22, na kosa hili nimeliona kwa watu wa kila cheo. Huanzia mdomoni. Wakati wa kupokezana zamu twasema mbiombio, "Kitanda cha sita hafufuliwi," na msikilizaji anaondoka na "hatibiwi". Lilinipata mimi mwenyewe. Usiku mmoja mama mwenye agizo hilo alipandwa na homa, oksijeni ya damu ikashuka hadi asilimia 84. Nilimfunika vizuri, nikamshika mkono, nikajiambia wakati wake umefika. Saa nzima ikapita kabla sijamwita daktari. Kumbe ni nimonia. Akatundikiwa dripu ya antibayotiki, na siku ya tisa akatoka wodini kwa miguu yake. Saa ile bado inanirudia usiku. Ilikuwa yake, nami nikaitoa kana kwamba ni yangu.

Na moyo ungesimama? Mwongozo wa pamoja wa BMA (chama cha madaktari), RCN (chama cha wauguzi) na Resuscitation Council UK (baraza la mambo ya ufufuaji) unalitaja jambo hilo waziwazi: kama chanzo ni kitu kinachoweza kuondolewa haraka, ambacho hakikufikiriwa fomu ilipoandikwa, mfano kupaliwa, mzio mkali wa ghafla au mrija wa koo ulioziba, kufufua kunaweza kuwa ndiyo njia sahihi. Ungeanza, isipokuwa kama mzee mwenyewe alikataa hata hilo kwa hati yake halali.

Lakini usije ukaichukia fomu. Kifua hukandamizwa sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mbavu za mzee huvunjika. Aliyemalizwa na saratani haponi kwa hilo. Anakufa katikati ya vurugu. Siku yake ikifika, mikono yako ikae juu ya mkono wake, si kifuani. Kama kwenu mnatumia ile fomu ya zambarau ya ReSPECT, isome yote, maana ina mahali pa kueleza matibabu anayofaa kupewa na kama apelekwe hospitali. Uulize pia kama mzee alishirikishwa ilipoandikwa. Tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani ya Uingereza, 2014, katika kesi ya Janet Tracey, mgonjwa aliyeandikiwa agizo hilo bila kuulizwa, daktari hana ruhusa ya kuliandika agizo hilo kimyakimya mradi tu anaona inafaa.

Kuhusu Jumatatu: andika leo, kabla kumbukumbu haijachuja. Saa ngapi, alikuwa anakula nini, midomo ilikuwa rangi gani, mapigo mangapi, nani alisema nini. Usiingie ofisini peke yako, nenda na mwakilishi wa chama chako cha wafanyakazi. Kisha waombe, kwa adabu, wakuoneshe mstari wa fomu unaosema aliyepaliwa aachwe.

Halafu kuna mzee mwenyewe, ambaye katika mashtaka yote haya sijasikia akitajwa. Mtu wa miaka 86 aliyepaliwa hivyo anahitaji mtaalamu wa usemi na umezaji amwangalie wiki hii. Mpaka hapo tosti isimame, chakula kiwe laini, na aketi wima kabisa anapokula.