Uwanja wa Hospitali: Tufyeke Wapi, Tuache Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni muuguzi katika hospitali ya wilaya, mkoani Tanga. Uwanja wetu una mkwaju mkubwa, michungwa michache karibu na wodi ya watoto, na nyasi ndefu upande wa nyuma. Ndugu wa wagonjwa hushinda chini ya mkwaju huo wakisubiri saa za kuona wagonjwa. Sasa uongozi umependekeza kila kitu kifyekwe, ubaki udongo mtupu wa kufagiliwa kila asubuhi, kwa kuwa majani huleta mbu na nyoka. Nitapeleka hoja gani kikaoni? – Muuguzi, Tanga

JIBU: Ndugu Muuguzi, hofu ya viongozi wako usiidharau, kwa sababu wanaotibu malaria kila siku wana haki ya kuogopa mbu. Waeleze tu kwamba mbu hazaliwi na jani, bali na maji yaliyotuama. Anofelesi, yaani mbu aenezaye malaria, wa ukanda wetu hupenda sana vidimbwi vidogo vinavyopigwa na jua, kama vile nyayo za ng'ombe na mifereji iliyoziba, na mbu aenezaye homa ya dengue hutaga katika makopo, matairi na visahani vya maua. Kwenye joto, yai huwa mbu kamili kwa wiki moja hadi mbili. Kwa hiyo anayezunguka uwanja kila wiki na kumwaga au kufukia maji hayo huwakata mbu kabla hawajaruka. Uwanja uliofyekwa wote, mvua ikinyesha, huweza kujaa vidimbwi vya jua vya namna hiyohiyo, na kiangazi vumbi lake huingia wodini.

Ni kweli pia kwamba mbu na nyoka hujificha mchana penye majani mazito, na ndiyo maana sishauri kuacha kichaka dirishani. Fyekeni mara kwa mara ukanda wa mita tano hivi kando ya kuta na njia. Nyasi zilizo mbali zaidi zifyekwe mara moja au mbili kwa mwaka, kwa zamu, baada ya kutoa mbegu, bila moto na bila dawa ya kuulia magugu. Kisha tazameni nyuma ya stoo. Vitanda vilivyovunjika na matofali yaliyorundikwa huhifadhi panya, na nyoka humfuata panya. Shimo la mabaki ya chakula lisilofunikwa huwalisha panya hao, pamoja na kunguru weusi walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, ambao hula mayai na makinda ya ndege wetu wa asili. Kufunika shimo hilo kutawafaa ndege kuliko miche mingi mtakayopanda.

Kuhusu wagonjwa wenyewe, mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha matokeo ya kumbukumbu za wagonjwa 46 waliopasuliwa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Nusu yao walitazama miti dirishani, nusu ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi. Wagonjwa 46 ni wachache, na mti si dawa, lakini hoja hiyo daktari yeyote ataisikiliza.

Mkwaju msiuguse, isipokuwa kukata matawi makavu kabla ya masika ili yasiwaangukie watu. Ni mti wa kivuli kizito, na maua yake huwalisha nyuki. Ila mzinga msiutundike karibu na wodi. Kando ya njia pandeni mshubiri, ambao hauhitaji maji mengi na maua yake huwavuta ndege waitwao chozi.

Michungwa ndiyo ninayoiombea zaidi. Geuza jani changa utazame: kiwavi mdogo unayemdhania kinyesi cha ndege, akikua hugeuka kijani, kisha hujifunga kwenye kijiti na kutoka kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano. Atakula majani kadhaa, na mchungwa uliokomaa haufi kwa hilo. Omba kikaoni kwamba michungwa ile isipigwe dawa, na benchi moja lisogezwe pale, ili mtoto anayeweza kutembea aketi na mama yake akiangalia.