Seva ya VPN Inakufa Kila Siku ya Tatu, Jee Tumeibiwa?

SUALI: Assalamu alaykum fundi. Mie nipo Chake Chake, ndo nnaeangalia mitandao ya ofisi yetu ya kununua mwani, seva ipo Unguja tawi la Mjini na sie wa Pemba tunaingia kwa OpenVPN, programu ya bure ya VPN yaani njia ya siri ya kupita kwenye intaneti, kupata hesabu za ghala. Mwezi huu siku mbili iko sawa ya tatu imekufa, kila ikifa nampigia kijana wa Mjini aiwashe. Sasa nimesoma kuwa programu hii imewahi kuwa na udhaifu wa kumwezesha mtu kuiangusha seva, bosi nae kasikia, anasema tuifunge tununue ya pesa maana hii ya bure kila mtu anaiona mpaka ndani. Jee tumeshaibiwa? – Msomaji, Chake Chake

JIBU: Waalaykumu ssalaam dada yangu, pole sana. Mwambie bosi atulie kwanza, kuanguka kwa seva siyo kuibiwa. Udhaifu wa aina hii ni kama mlinzi kazimia mlangoni na mlango umebaki umefungwa, mwizi hapiti lakini mwenye nyumba nae hapiti. Hasara yake siidharau hata kidogo, kina mama wapo pwani wanasubiri pesa za mwani na hesabu hazifunguki, ila haya ni maradhi mengine na dawa yake nyengine.

Kabla hujamshuku mtu, isome logi, yaani daftari la matukio linaloandikwa na mashine yenyewe. Mie niliwahi kuangalia seva ya hoteli moja huku mashariki ya Unguja, wiki tatu nzima nkawa naiwasha tu kila ikifa, siku nilofungua logi ya mashine nkakuta imeandikwa Out of memory, yaani kimashine kidogo kimetwishwa kazi nyingi mpaka kinaiua programu wenyewe, na wiki tatu zote hizo nilikuwa nawashuku watu bure. Kwa hivo wewe tafuta mistari ya mwisho kabla ya kufa. Ukikuta Assertion failed na chini yake Exiting due to fatal error, hapo programu imekutana na kitu isichokitarajia ikajizima, na hiyo ndo alama ya udhaifu tunaousema. Panda juu kidogo uone ni mteja gani, yaani kifaa cha anaeingia, alikuwa anaunganisha na saa ngapi, ikifa tena utazame kama ni yule yule. Ukikuta logi imekatika tu katikati bila ya neno lolote, uliza khabari za umeme wa pale Mjini kwanza.

Sasa huo udhaifu wenyewe. Desemba 2014 watengenezaji wa OpenVPN walitangaza CVE-2014-8104 (CVE ni nambari ya kuutambulisha udhaifu uliotangazwa), mteja aliekwisha kukubaliwa akituma pakiti ya udhibiti, kifurushi cha data cha kusimamia muunganisho, iliyo fupi kupita kiasi basi seva nzima inaanguka, na kosa hilo lilikuwemo kwenye matoleo yote ya 2.x tangu 2005, likazibwa kwenye 2.3.6. Lishike hilo neno, aliekwisha kukubaliwa. Maana yake masuala ya nani ana cheti cha kuingilia kwenu ni mazito kuliko mdukuzi wa nchi za mbali. Nakuuliza kwa nia njema kabisa, lile faili la kuunganishia lenye cheti mmegawana moja nyote kwa WhatsApp? Maofisi mengi nnayoyajua yanafanya hivo, mfanyakazi anaacha kazi anaondoka na faili kwenye simu yake na hakuna anaekumbuka, na siku seva ikiangushwa logi inakwambia jina moja tu ambalo ni la watu kumi na nne.

Zipo nyengine ambazo mtu hahitaji hata kukubaliwa. Mei 2017 ilitoka CVE-2017-7478, wa nje kabisa aliweza kuiangusha seva, ikazibwa kwenye 2.4.2 na 2.3.15, ila waliokuwa na tls-auth au tls-crypt, mipangilio ya ufunguo wa pamoja unaotakiwa kabla ya mazungumzo kuanza, walikuwa na kinga maadamu mshambulizi hana ule ufunguo wao. Aprili 2025 ikaja CVE-2025-2704 na safari hii ikawagusa wenye tls-crypt-v2, ambayo kila mteja ana ufunguo wake, kwenye seva za 2.6.1 mpaka 2.6.13, dawa yake 2.6.14. Ndo nnasema hakuna mpangilio mmoja wa kuweka ukalala, lazima uwe unasoma matangazo ya usalama yao kila yakitoka.

Andika openvpn --version uone mpo wapi. Kama mashine ni Debian au Ubuntu usitishike ukiona nambari ya zamani, wao huziba tundu ndani ya toleo lile lile bila ya kubadili nambari kubwa, kwa hivo tafuta ile CVE kwenye orodha ya mabadiliko ya kifurushi chenyewe. Halafu apdeti, lakini dada yangu nakuomba usiapdeti ukiwa umeingia kwa VPN hiyo hiyo, ikigoma kuamka utajikuta unapanda boti Mkoani asubuhi kwenda Malindi kwa ajili ya amri moja. Fungua SSH ya pembeni, njia ya kuiamrisha mashine ukiwa mbali, inayokubali anwani yenu tu, au fanyeni baada ya Isha kijana wa Mjini akiwa amekaa mbele ya mashine. Iwekee systemd, msimamizi wa programu wa Linux, iiwashe wenyewe ikifa, ni sawa, watu wa ghala wasikwame, ila iwe inakutumia ujumbe kila ikiwasha, usije ukaficha maradhi.

Kila mtu apewe cheti chake, wa zamani wafutiwe kwa Easy-RSA, programu ya kutengeneza vyeti, na orodha ya waliofutwa iwekwe kwenye seva kwa mpangilio wa crl-verify. Hapa pana mtego umewakuta wengi, orodha hiyo ina muda wake, kwa kawaida siku 180, ukiisha bila ya kuitengeneza upya seva inawakataa wote hata wenye haki, na ofisi nzima inapiga kelele imeshambuliwa. Weka alamu kwenye simu leo leo.

Kuhusu ya bure kuonekana ndani, mwambie bosi kuwa 2017 OpenVPN ilikaguliwa na wataalamu mara mbili, kisha Juni mwaka huo huo Guido Vranken akaipima kwa kuirushia data mbovu nyingi akakuta matundu waliyoyakosa wakaguzi, aliweza kwa sababu kodi, yaani maandishi ya programu, iko wazi, na yakazibwa hadharani. Ya pesa nayo ina matundu. Na kama hamjasajili VPN ya ofisi, TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilitoa tangazo la usajili Oktoba 2023, mulifuatilie.

SUALI: Nina gesti hausi Jambiani, natumia WireGuard, VPN ya aina nyengine. Nikijaribu poti 51820, mlango wake wa mtandao, kwa nje haijibu kitu, jee imeangushwa? – Msomaji, Jambiani

JIBU: Hapana kaka, ndo ilivoundwa, asiekuwa na ufunguo sahihi hajibiwi hata neno. Ingia kwenye seva uandike wg show utazame latest handshake, mara ya mwisho kusalimiana na kifaa, kama kuna mtu anatumia na muda hauzidi dakika mbili tatu basi iko hai.