Moyo mbio baada ya kujifungua: uchovu au thairoidi?

SWALI: Dokta shikamoo. Nina mtoto wa miezi mitatu, namnyonyesha. Moyo unaenda mbio hata nikiwa nimekaa, jasho jingi, nakula sana ila nakonda. Mama mkwe anasema ni uchovu tu, shoga yangu anasema thairoidi, lakini shingo haijavimba. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba dada, hongera kwa mtoto. Shoga yako anaweza kuwa sahihi, thairoidi ni tezi ya shingoni inayotoa homoni za kuendesha kasi ya mwili, ila shingo isikudanganye, wengi wanasubiri goita (uvimbe wa tezi hiyo) itokee ndo waje wakati homoni zimevurugika kitambo. Asubuhi kabla hujatoka kitandani shika mapigo pale unapovaa saa, hesabu dakika nzima, kisha nyoosha mikono mbele uweke karatasi juu ya vidole. Mapigo yakipita 100 na karatasi ikawa inatetemeka, usimsikilize tena mama mkwe (kwa heshima zote), nenda kapime TSH (homoni ya kutoka kwenye ubongo inayoiamuru tezi) na free T4 (homoni ya tezi yenyewe), na wingi wa damu pia, maana damu ikipungua nayo inakimbiza moyo. Kama unameza vidonge vya nywele vyenye biotini acha siku mbili kabla, vinaweza kuharibu majibu ukaonekana mgonjwa na wewe mzima.

TSH ikiwa chini na T4 juu, hapo ndo watu wanapochanganya. Kwa mzazi kama wewe mara nyingi kinga ya mwili imeishambulia tezi ikavujisha homoni ilizokuwa imehifadhi, akiba ikiisha unageuka kabisa: baridi, choo kigumu, uchovu, mwili kuongezeka, wakati mwingine na huzuni, ila wengi wanarudi sawa ndani ya mwaka. Ugonjwa wa Graves ni mwingine, tezi inatengeneza homoni mpya bila breki na macho yanaweza kutoka nje, unatambulika kwa kipimo cha damu kinaitwa TRAb. Dawa ya kabimazole inazuia kutengeneza homoni, kwahiyo inafaa Graves, kwa homoni zinazovuja haifanyi kitu, usikubali mtu wa duka la dawa akupe kwa kukisia. Za kutuliza moyo kama propranolo zipo, ila kama una pumu mwambie daktari mapema.

Ukikuta ni ile ya kuvuja rudia TSH kila baada ya wiki 4 mpaka 8 hata kama unajisikia fresh, na ukianza kukosa pumzi au moyo unaruka ruka bila mpangilio nenda hospitali siku hiyohiyo.